Patasi Isiyokata Hata Ndizi: Jinsi ya Kukitambua Chuma cha Kale

Nilikipata kama nyongeza. Nilikuwa kwa muuza vyuma chakavu mmoja mjini Tanga nikitafuta bawaba za dirisha, na tulipokwisha kupatana bei akachomoa chuma kingine chini ya rundo la springi za lori, akakitupia juu ya bawaba zangu. "Hii patasi nakuongezea, kaka. Butu hii, haikati hata ndizi."

Nyumbani nikakilaza mezani juu ya gazeti. Urefu wake haufiki shibiri. Shina ni la mviringo, linajaa ngumi vizuri, na juu limemalizikia kwenye kichwa bapa, kipana kuliko shina lenyewe, mfano wa kofia ya uyoga. Chini limefuliwa likachanua kama kipepeo cha kupepea jiko la mkaa. Chote ni kipande kimoja cha chuma; hakina mpini wa mti wala tundu la kuutilia. Kitendawili kilikuwa mdomoni. Mdomo una unene wa kama milimita 3 mwanzo hadi mwisho, na katikati ya unene huo umepitishwa mfuo mwembamba kutoka kona hii hadi kona ile. Kona moja tu ndiyo iliyokuwa ikimetameta, imekwanguliwa kwa tupa. Kona hiyo nitairudia.

Jirani yangu seremala alikipima uzito mkononi, akasema ni patasi iliyokufa. Mwashi aliyekuwa akinijengea uzio akasema la, ni tindo pana ya kukatia tofali. Mpwa wangu alikipiga picha akaiuliza simu. Simu ikamletea mwiko wa keki, shoka la kale na kisu cha kukwangulia rangi. Wote watatu, simu ikiwemo, walifanya jambo moja: walitazama umbo kwa jumla, wakatafuta akibani mwao kitu kinachofanana nalo, wakakibandika jina. Akiba ya seremala imejaa patasi, ya mwashi imejaa tindo, na ya simu imejaa picha za bidhaa za madukani.

Umbo la jumla hupotosha sana. Chukua mbuzi ya kukunia nazi. Kwetu hata mtoto wa chekechea anaijua. Sasa ung'oe ule ulimi wa chuma wenye meno, uuache ukutani bila kibao chake, kisha umwonyeshe mtu wa Helsinki ambaye nazi ameionja ya pakiti tu. Atakuambia ni silaha. Wala hajakosea sana kufikiri, maana amenyimwa kiti, amenyimwa kifuu, amenyimwa sinia la chicha. Au chukua keke, ile ya kutobolea mbao inayozungushwa kwa upindi, ambayo wachonga milango na waunda vyombo wa pwani walifanya nayo kazi vizazi na vizazi. Upindi wake ukitengana na mti wa keke, utauziwa kama zeze lililokatika nyuzi. Zana nyingi za ajabu ni nusu ya kitu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza jina, afadhali kuuliza: hiki kilipigwa wapi, kiligusa nini, na mwenzake yuko wapi?

Nikaanza na kichwa. Chuma kinachopigwa kwa nyundo ya chuma hakifichi: kingo za kichwa hukunjika kwenda nje, hupasuka, hutoa ndevu kali ambazo zikivunjika huweza kumrukia mtu jichoni. Tazama tindo yoyote ya mwashi iliyofanya kazi mwaka mmoja. Kichwa cha chuma changu hakikuwa na ndevu hata moja. Kilikuwa bapa na laini kama kizingiti kilichokanyagwa miaka mingi. Maana yake kilipigwa kwa mti. Na upana wa kichwa una sababu yake: kichwa chembamba kingechimba shimo kwenye nyundo ya mbao na kuipasua, lakini kipana hugawa pigo. Seremala naye hupiga patasi kwa nyundo ya mbao, ila pigo lake hutua juu ya mpini wa mti. Chuma kitupu kinachopigwa kwa mti ni cha kazi chache mno, na mwashi wa matofali hayumo.

Halafu mdomo. Patasi iliyochakaa hubaki na mteremko wa kunolewa; hata ikiwa butu kama kijiko, ule mwinamo upande mmoja utauona. Hapa mwinamo haukuwepo wala haukuwahi kuwepo. Na ule mfuo ndio ulionimalizia ubishi. Hakuna mfua chuma atakayehangaika kuchimba mfuo kwenye ukingo unaongoja kunolewa, kwa sababu kupita mara moja tu juu ya jiwe la kunolea kungeufuta. Basi ubutu ule ulikusudiwa. Kifaa hiki kilitengenezwa kisukume kitu laini bila kukikata, na mfuo ulikuwepo ili kitu hicho, chembamba na kirefu kama uzi, kisiteleze.

Nikachovya kitambaa katika mafuta ya taa, nikapitisha ncha yake ndani ya mfuo. Kilitoka na rangi ya kahawia iliyoiva, inayonata, na harufu ya lami.

Ni chuma cha kalafati.

Msomaji aliyekulia karibu na vyombo vya bahari ameshacheka tangu aya ya pili. Kwa wengine, maelezo yake ni haya. Jahazi au mashua huundwa kwa mbao zilizopangwa ukingo kwa ukingo juu ya mataruma, yaani mbavu za chombo, na fundi awe hodari wa randa kiasi gani, kati ya ubao na ubao maji hupata njia. Wala hategemei mbao peke yake zimzuilie maji. Huuacha mwanya ukiwa na nafasi kidogo upande wa nje na kubana upande wa ndani, kama herufi V, kisha huujaza; kujaza huko ndiko kutia kalafati. Pwani yetu hujazwa pamba iliyosokotwa na kulowekwa mafuta, ya nazi au sifa, yale mafuta ya papa ambayo harufu yake hukupokea kabla hujaiona bahari. Ulaya na Marekani walitumia zaidi nyuzi za kamba kuukuu, zilizochambuliwa moja moja na kutiwa lami. Huko Uingereza ya karne ya 19 kuchambua kamba hizo ilikuwa kazi ya wafungwa na maskini waliofungiwa katika nyumba za kazi, na vidole vyao vilijua gharama yake.

Tazama mkono wa fundi kwa karibu. Anaulaza utambi juu ya mwanya, haunyooshi, bali anauachia vikunjo vidogo vidogo. Kwa chuma chembamba anakishindilia kila kikunjo ndani, kimoja baada ya kingine, chuma kikichezeshwa kidogo kushoto na kulia ili kisikwame. Hapo utambi umeingia lakini bado umelegea. Anarudi mwanzo akiwa na chuma kinene, chenye mfuo, na sasa anapiga kweli. Mfuo unaukumbatia utambi, unaubana mpaka unakuwa mgumu kama mti. Chuma chenye makali kingeukata vipande vipande, na kila kipande kingekuwa kizibo cha peke yake, tayari kung'oka wimbi la kwanza. Utambi usiokatika hushikana wenyewe kwa wenyewe kutoka omo hadi tezi. Juu yake hupakwa kitu cha kuukinga, lami au mchanganyiko mwingine wa kuziba, na sehemu ya chombo inayozama hupakwa deheni, ule mchanganyiko wa mafuta na chokaa unaoyapa majahazi tumbo jeupe.

Kinachomaliza kazi ni bahari yenyewe. Mbao zikinywa maji huvimba, mwanya hujibana, na utambi ulioshindiliwa hubanwa zaidi. Ndiyo maana mashua iliyokaa mchangani juani wiki nyingi huvuja vibaya ikishushwa, halafu kesho yake ikatulia. Na ndiyo maana kalafati ina kiasi: fundi akiishindilia kupita kiasi kwenye mbao kavu, zikivimba hazina pa kwenda, zinaanza kung'oa misumari yao. Mwanagenzi hudhani nguvu ndiyo ufundi, mpaka akione chombo kimefunguka.

Kwa sababu ya hatua hizo, fundi wa kalafati hana chuma kimoja. Ana vyembamba vya kuanzia, vinene vya kushindilia, vyenye mfuo mmoja na vyenye miwili, vilivyopinda shingo vya kufikia penye mkuku, ule mti wa chini unaobeba chombo, na vyenye ndoano vya kung'olea kalafati iliyooza. Ukiokota kimoja sokoni, umeokota karata moja ya seti nzima. Na mwenzake mkuu ni nyundo, ambayo ni ya ajabu kuliko chenyewe: katika viwanda vya meli vya Uingereza na Marekani ilikuwa ya mti mgumu, kichwa kirefu na chembamba, kimevikwa pete za chuma na kupasuliwa nyufa za makusudi zinazopita ndani kwa ndani. Nyufa hizo huifanya nyundo idunde na kutoa mlio. Mtu akiikuta peke yake anaweza kuapa kuwa ni ala ya muziki iliyoharibika. Fundi husikiliza mlio ule, kwa kuwa pigo kwenye utambi uliolegea halilii sawa na pigo kwenye utambi uliokaza.

Neno lenyewe limesafiri kuliko zana. Kalafati yetu ni ndugu wa maneno ya Kiarabu, Kituruki, Kireno, Kiitaliano na Kigiriki, yote yakimaanisha kazi hiyohiyo, na wataalamu wa asili ya maneno bado wanavutana kama mzizi ni wa Kiarabu au wa Kigiriki. Mimi naona ubishi huo unastahili, maana mabaharia ndio walioeneza neno, na baharia hatunzi daftari la alikoazima. Wabizanti, watu wa dola ya Kirumi ya Mashariki, walikuwa na mfalme aliyeitwa Mikaeli wa Tano, aliyetawala miezi michache tu kuanzia Desemba 1041 hadi Aprili 1042, kabla ya kupinduliwa na kupofushwa macho. Historia inamkumbuka kwa lakabu ya Kalaphates, yaani mtia kalafati, kwa sababu hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya baba yake kabla ukoo haujapanda ngazi. Ilikuwa lakabu ya kumdharau.

Dharau hiyo inashangaza ukijua jinsi mikono yenye ufundi huo ilivyotafutwa. Frederick Douglass, aliyekuja kuwa sauti kubwa ya kupinga utumwa nchini Marekani, alijifunza kutia kalafati katika viwanda vya meli vya Baltimore akiwa bado mtumwa, na mshahara wake ukaishia mfukoni mwa aliyejiita bwana wake. Alipotoroka mwaka 1838 akafika New Bedford, mji wa meli za kuwindia nyangumi, alikuwa na ufundi kamili mkononi. Akanyimwa kazi hiyo, kwa kuwa mafundi weupe wangesusa kama mtu mweusi angegonga pigo moja juu ya meli ile. Akafanya vibarua vya kupasua kuni, kubeba makaa na kupakia mizigo.

Turudi kwenye meza yangu, kwa sababu hapa ndipo penye tope. Kujua kuwa ni chuma cha kalafati hakutoshi. Zipo kazi nyingine mbili zilizotumia vyuma butu vya kushindilia, na vyote hukutana kwenye mizani ileile ya chakavu.

Ya kwanza ni ya mafundi bomba wa zamani. Mabomba ya maji ya chuma cha kusubu yaliunganishwa kwa kuingiza mwisho wa bomba moja kwenye mdomo mpana wa jingine. Fundi alishindilia kamba yenye lami ndani ya nafasi iliyobaki, akamimina risasi iliyoyeyushwa, na ilipopoa akaigonga izunguke imekaza. Chuma chake ni chembamba, upana wa kidole, na karibu kila mara kina shingo iliyopinda kama goti, kwa sababu ukuta wa bomba humzuilia mkono. Ukikuta goti na chembe za kijivu laini zinazokwanguka kwa ukucha, umeshika chuma cha bomba. Osha mikono, risasi ni sumu.

Ya pili ni ya ribiti, zile pini za chuma za kuungia bati na bati. Kabla ya kulehemu kutawala, boila za mvuke na meli za chuma ziliungwa kwa bati kupandana juu ya bati na kupigiliwa ribiti. Hapo hapaingizwi pamba. Fundi huchukua chuma kinene, pua fupi, na kuupiga ukingo wa bati la juu mpaka chuma chenyewe kisukumwe na kulikaba bati la chini. Nayo pia huitwa kalafati katika lugha kadhaa, ijapokuwa hakuna uzi wala utambi. Mfano wake uko karibu: MV Liemba ya Ziwa Tanganyika. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913 kwa jina la Graf von Götzen, ikafumuliwa, ikasafirishwa katika masanduku hadi Kigoma, ikaungwa upya kwa ribiti na kushushwa majini mwaka 1915. Wajerumani wenyewe waliizamisha mwaka uliofuata isiangukie mikononi mwa adui. Waingereza wakaiopoa mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi kwa jina jipya. Vyuma vya kazi kama hiyo ni vizito, vifupi, na vichwa vyao vimechanuka vibaya, kwani nyundo ilikuwa ya chuma.

Changu hakina goti, si kinene kama cha ribiti, na kimechanua upana wa vidole vitatu. Chuma kipana na chembamba ni cha kazi ya mbao.

Vipi muhuri? Wengi huanza nao, mimi naushika mwisho. Chini ya kutu niliweza kusoma FIELD, na kwa chuma cha zama hizo si vigumu kukisia SHEFFIELD, mji wa Uingereza ulioneemeka kwa chuma cha pua tangu Benjamin Huntsman alipobuni njia ya kukiyeyusha ndani ya vyungu vya udongo katika miaka ya 1740. Lakini Sheffield ilitengeneza kila kitu, kuanzia visu vya mezani hadi misumeno, kwa hiyo muhuri ulinipa mji tu. Muhuri husaidia zaidi kwenye umri. Maandishi ya "Made in Germany", kwa mfano, yalienea baada ya sheria ya Uingereza ya mwaka 1887 iliyotaka bidhaa za nje zitaje zilikotoka. Alama ya mshale mpana wenye mistari mitatu huonyesha mali ya serikali ya Uingereza, iwe ya jeshi au ya bohari zake. Na kwa vyuma vya kalafati vya Marekani, jina linalotafutwa na wakusanyaji ni C. Drew & Co. wa Kingston, Massachusetts. Jina la mtu lililogongwa kwa herufi zisizolingana huwa ni la fundi mwenyewe, aliyechoka kuibiwa.

Usikimbilie kusafisha. Ile lami mfuoni ilinithibitishia kuliko muhuri, na ningekipeleka kwanza kwenye grainda ningeipeperusha pamoja na cheche. Mafuta ya taa na kitambaa vinatosha, na kile kinachotoka kitazame, kinuse, kiweke kando.

Nilikuwa na hakika yangu, ila nilitaka kusikia neno la anayeishi na kazi hiyo. Nikakifunga kwenye gazeti, nikaenda ufuoni ambako mzee mmoja alikuwa akitia kalafati mashua iliyoegemezwa kwenye magogo. Nikamwamkia, akaitika marahaba bila kuacha kugonga. Nilipokifungua, akanyoosha mkono hata kabla sijauliza.

"Hiki cha meli za Wazungu," alisema. "Changu hiki hapa." Chake kilifuliwa kutoka springi ya gari, hakikuwa na mfuo, na kichwa chake kilikuwa kimechanuka kama ua, ndevu pande zote, maana yeye hugonga kwa nyundo ya chuma. Kanuni yangu nzuri ya kichwa ikawa imepata kasoro pale pale: ilikuwa imenieleza kiwanda kilikotumika chuma changu, na ningekutana na chake kwenye rundo lile la Tanga ningemkabidhi mwashi bila wasiwasi.

Akapitisha kidole gumba kwenye mdomo wa changu, taratibu, kutoka kona moja. Alipofika kwenye ile iliyokuwa ikimetameta akasimama.

"Nani aliyekitia tupa?"

Nikamwambia sijui, nilikikuta hivyo. Labda mtu aliyedhani ni patasi, akaanza kuinoa, akachoka.

"Huyo angenikatia pamba yote," akasema. Akaomba tupa kwa kijana wake, akakiegemeza chuma kwenye gogo, akaanza kuirudisha kona ile kwenye ubutu wake.